Nyakati za Kiingereza Zifundishwe kwa Kiswahili

Katika madaftari ya wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, toka Lamu hata Mtwara, na toka Mtwara hata Kigoma, haikosi kuonekana sentensi ya namna hii: “Yesterday I went to the market and buy fish and return home.” Mwalimu, kwa desturi ya kazi yake, huikata kwa wino mwekundu mahali pawili, akaandika pembeni kwamba wakati umekosewa, na mtoto akalipokea daftari lake akiamini kwamba amefanya uzembe, au kwamba akili yake ni nzito kwa lugha za kigeni. Mimi nashikilia kwamba mtoto huyo hakufanya uzembe hata chembe. Ameandika Kiswahili sahihi kabisa kwa maneno ya Kiingereza: jana nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani. Katika lugha yake kitenzi cha kwanza ndicho kibebacho wakati kwa niaba ya vyote vifuatavyo, na hivyo vifuatavyo, vikiisha kutiwa -ka-, havina haja tena ya kutaja wakati, kwa kuwa vyaegemea kile kilichotangulia; naye akitafuta katika Kiingereza kiungo cha kufanya kazi ya -ka-, asikipate kwa sababu hakipo, huona bora akiache kitenzi kitupu. Hayo ni matendo ya mtu afuataye kaida, ila ameifuata kaida ya nyumbani mahali ambapo ya ugenini ndiyo itakiwayo, wala hapana aliyepata kumwambia kwamba hizo ni kaida mbili.

Na huo ndio ugomvi wangu na namna tufundishavyo Kiingereza. Twamchukua mtoto ambaye, tangu alipoanza kutamka, hutenga bila kufikiri nilikula na nimekula, sijala na sikula, nilikuwa nikila na nilikuwa nimekula, tukamketisha mbele ya ubao kana kwamba hajapata kusikia habari ya nyakati maishani mwake, kisha tukamtaka akariri jedwali la nyakati kumi na mbili, tatu kwa nne, ambalo hata wataalamu wa lugha yenyewe hawakubaliani juu ya idadi yake. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilitawala shule za Uingereza na Marekani kwa muda mrefu, alihesabu nyakati sita, kwa kuwa Kilatini kilikuwa na sita. Vitabu vyetu vya leo vimefika kumi na mbili. Na Otto Jespersen, mtaalamu wa Denmark aliyekichambua Kiingereza kuliko Waingereza wengi, alisema kwamba lugha hiyo haina hata umbo maalumu la kitenzi kwa wakati ujao. Ikiwa maulamaa wametofautiana kiasi hicho, sioni kwa nini mtoto wa Pangani achapwe kwa kuusahau wakati wa kumi na moja.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na unyonge huo. Kijana aliyesomeshwa Ajurumiya chuoni, kile kitabu kidogo cha nahau alichokitunga Ibn Ajurrum wa Fas, aliyefariki mwaka 1323, aliambiwa mapema kwamba vitenzi vya Kiarabu ni vya namna tatu, madhi, mudhari na amri, na mwalimu aliyemwambia hivyo alimfasiria kwa Kiswahili, ibara baada ya ibara, bila kuona haya. Kwa njia hiyo kijana alipata maarifa mawili kwa mpigo: alijua Kiarabu chaugawaje wakati, na alijua kwamba mgawo huo si ule wa lugha ya mama yake.

Wala Wazungu wenyewe hawakuona haya zamu yao ya kujifunza ilipofika. Johann Ludwig Krapf alipochapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na Edward Steere alipotoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1870 baada ya kukaa Unguja, na Bibi E. O. Ashton alipotoa sarufi yake mwaka 1944, ambayo kwa uangavu wa maelezo sijaona iliyoipita, wote walimweleza mgeni lugha yetu kwa Kiingereza, wakimwambia kwamba umbo hili lakaribiana na lile la kwao, na hili lingine halina mwenzake, basi alitazame kwa makini. Hapana bwana shauri aliyevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiingereza alipokuwa akijifunza Kiswahili. Waliovishwa ni watoto wetu: Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni, jinsi wanafunzi wa Kenya walivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma kwa kusema Kikikuyu shuleni, na tabia hiyo, ijapokuwa imepungua makali, ingali hai katika shule nyingi ambamo Kiswahili hupigwa marufuku mara kengele ya asubuhi iliapo. Tumemnyima mtoto wetu msaada ambao mtawala wake hakujinyima.

Tuitazame kwanza -me-, kwa maana ndiyo ituponzayo zaidi. Vitabu vya shule husema kwamba -me- ni wakati timilifu, na kwamba wakati timilifu wa Kiingereza ni “have”, na mtoto mwenye akili huyajumlisha hayo mawili. Basi akimwona mtu amevaa kanzu huandika “he has worn a kanzu”, akimwona mtoto amelala, “the child has slept”, akimwona mgeni amesimama mlangoni, “the visitor has stood at the door.” Maelezo yake ni kwamba tunavyo vitenzi vya aina mbili, ijapokuwa havikutengwa kwa alama yoyote ya nje. Viko vitenzi vya tendo, kama kula, kuandika na kujenga, ambavyo -me- yake hueleza kwamba tendo limekwisha na athari yake ingalipo. Na viko vitenzi vya kuingia katika hali, kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kuchoka, kulewa, kushiba, kukasirika na kufa, ambavyo -me- yake hueleza hali yenyewe iliyopo sasa, kwa kuwa mtu akiisha kuingia usingizini ndipo tusemapo kwamba amelala, wala hatukusudii kwamba ameamka. Kwa hali kama hizo Kiingereza aghalabu hakitumii “have”, hutumia “is”: is asleep, is sitting, is standing, is wearing, is tired, is drunk, is full, is angry, is dead. Kanuni hiyo moja yaweza kuelezwa kwa Kiswahili katika kipindi kimoja cha darasa, na mifano yake watoto wataitoa wenyewe, kwa kicheko; ikielezwa kwa Kiingereza kwa mtoto ambaye bado hakijui hicho Kiingereza, haielezeki, na ndiyo maana miaka minne ya sekondari humalizika naye angali akiandika “he has worn”.

Jambo hili haliishii katika madaftari. Kwa miaka mingi katika mahakama za Afrika Mashariki shahidi amesema Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kumbukumbu za Kenya na Uganda aghalabu zingali za Kiingereza, na majalada ya zamani ya Tanzania yenyewe yako hivyo. Tuseme basi shahidi amesema, “Nilipoingia, mshitakiwa alikuwa amelala.” Mkalimani akitafsiri kwa “had slept”, jaji wa rufaa, ambaye hakumwona shahidi wala kumsikia, atasoma kwamba mshitakiwa alikuwa amekwisha pata usingizi wake na saa ile yu macho, akitafsiri kwa “was asleep”, atasoma kwamba mshitakiwa hakujua lolote lililotendeka chumbani, akitafsiri kwa “was lying down”, atasoma kwamba huenda alikuwa kitandani macho wazi akitazama. Kiswahili cha shahidi, kwa hakika, chaweza kuchukua hizo maana mbili za mwisho, na ni juu ya mtu kumwuliza alikusudia ipi. Mkalimani asiyejua kwamba pana la kuulizwa hataliuliza.

Ugumu wa pili wa -me- ni kule kukubali kwake kukaa pamoja na siku iliyotajwa. Sisi husema “mgeni amefika jana”, na hapana asikiaye kosa, mradi mgeni angali nyumbani: -me- yatuambia kwamba kufika kwake kungali kwatuhusu, na jana yatuambia siku. Kiingereza hakitaki viwili hivyo kwa pamoja. Ama utasema “the visitor has arrived” ukanyamaza kuhusu siku, ama utaitaja jana, na hapo huna budi kusema “the visitor arrived yesterday”. Ukitaja saa, siku au mwaka uliokwisha, “have” hutoka. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambao wengi wao hukifikia Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, wana mzigo maradufu hapa, kwa maana Kifaransa nacho husema “j'ai mangé hier”, kwa umbo lililojengwa kama lile la Kiingereza, tena bila kuichukia jana. Hivyo lugha zao mbili zawashuhudilia kosa moja. Kinyume chake hutokea penye tangu. Twasema “niko hapa tangu Jumatatu”, na “namfahamu miaka kumi”, kwa wakati uliopo, kwa kuwa jambo lenyewe lipo. Kiingereza hugeuka kutazama lilikoanzia, kikadai “I have been here since Monday” na “I have known him for ten years”. Na kijana aliyejifunza kwa filamu za Marekani atakuta kwamba Wamarekani husema “I already ate” pale Mwingereza asemapo “I've already eaten”, asijue mtihani wamtaka awe wa nchi gani. Nchi zetu hufuata Uingereza katika mitihani, basi na aambiwe hivyo waziwazi.

Baada ya kuzitaja taabu hizo zote, lingekuwa jambo lisilo insafu nisiitaje tunu tuliyo nayo, ambayo walimu wengi huipita bila kuiokota. Katika kukana, lugha yetu ni kali kuliko katika kukiri. Sikula ni habari ya jambo lililokuwa na saa yake likapita. Sijala ni habari ya jambo ambalo mlango wake ungali wazi. Mtu akikukuta adhuhuri akakuuliza kama umekula, nawe ukamjibu “sikula”, atakutambua papo hapo kwamba u mgeni wa lugha. Basi tofauti ambayo Mjerumani na Mfaransa huihangaikia vitabuni, mtoto wa Tanga wa miaka mitano anayo tayari: palipo na -ja-, Kiingereza kina “have not”, palipo na -ku-, kina “did not”, wala sijui kanuni ya kuvukia lugha hizi mbili iliyo na matata machache kuliko hiyo, isipokuwa kwa vile vitenzi vya hali nilivyovitaja, kwani “hajalala” mara nyingi ni “is not asleep yet”. Lau ningekuwa na amri juu ya mihutasari ya masomo, somo la kwanza la “have” lingeanza upande huo wa kukana, sijamwona, hajafika, hatujamaliza, na jambo la kukiri likangoja juma la pili. Kisha mtoto angeongezewa kupata: “umepata kufika Lamu?” ni “have you ever been to Lamu?”, na “sijapata kumwona” ni “I have never seen him”, na kwa hayo angekuwa amepewa, kwa hazina yake mwenyewe, sehemu iliyo kubwa ya wakati ule ambao vitabu vyamtisha nao.

Wakati uliopo una shida ya namna nyingine, na hapa lawama ni yetu. Kiswahili cha wazee kilikuwa na njia tatu za kusema jambo la sasa: wanasoma, wasoma, husoma. Ya kwanza ilikuwa ya tendo liendalo mbele ya macho, ya pili ya jambo lilivyo pasipo kulifunga kwa saa, ya tatu ya mazoea. Na ingawa masikio huzichanganya hizo mbili za kwanza katika nafsi ya kwanza, ambapo ninasoma hufupishwa ikawa nasoma, katika nafsi nyingine tofauti ilisikika vizuri. Siku hizi, hususan katika miji mikubwa na sehemu za bara, -na- imezimeza zile mbili, na mtu husema “ninakwenda kazini sasa hivi” na “ninakwenda kazini kila siku” kwa umbo lile lile. Matokeo yake ni “I am going to work every day”, na ndugu zake “I am knowing him” na “I am wanting water”. Dawa i katika lugha yetu wenyewe, kwa kuwa hu- haijafa: mwanafunzi afundishwe kujaribu kuitia hu- katika sentensi yake, na kama yaingia bila kuharibu maana, mimi huenda kazini kila siku, basi Kiingereza chake ni “I go”, na “am” ikae kando. Kwa kujua na kutaka na kupenda, ambavyo si matendo ya kutendeka mbele ya macho, akumbuke ile wajua na wataka ya wazee. Na asidhani kwamba umbo hilo limezikwa pamoja nao. “Waziri Ajiuzulu”, “Mvua Yaleta Maafa”: magazeti yetu huliweka kila asubuhi katika vichwa vya habari, kueleza jambo lililotokea jana, na magazeti ya London hufanya vivyo hivyo kwa “Minister resigns”.

Kuna na ile “nakuja” yetu, ambayo mtu huisema akiwa anatoka, kwa maana ya kwamba atarudi sasa hivi. Mgeni wa Kizungu aambiwapo “I am coming” na mtu anayempa kisogo hubaki ameduwaa mlangoni, na mimi, nikiri, sipendi tuiache. Ni tamu mno.

Lililo zuri kupita yote, kwa maoni yangu, ni lile ambalo walimu huliogopa: wakati uliopita usioeleza lililopita. “If I had money, I would buy a boat.” Mwanafunzi hujiuliza “had” yafanya nini hapo, ilhali fedha azitamanizo ni za leo, naye akiifuata lugha yake huandika “If I would have money, I would buy”, maana sisi huweka -nge- pande zote mbili: ningekuwa na fedha, ningenunua mashua. Aambiwe kwamba Mwingereza hulitumia umbo la wakati uliopita kwa kila kilicho mbali naye, kiwe mbali kwa siku, au mbali na ukweli, au mbali kwa adabu. Ataamini upesi, kwa sababu mifano anayo. Tangu utotoni amesikia jina la marehemu likitajwa na kufuatiwa na “rahimahullah”, ambayo kwa umbo lake la Kiarabu ni madhi, Mungu alimrehemu, na kwa mafhumu yake ni dua ya kuombewa rehema. Wala hapana Mwislamu aliyepata kudhani kwamba aletewa habari ya jambo lililokwisha pita. Na adabu je? Mtu aingiapo ofisini akasema “nilikuwa naomba kumwona mkurugenzi”, hakusudii kwamba ombi lake lilikuwa la juzi na leo limekwisha. Amelirudisha nyuma hatua moja ili karani asione kwamba ashurutishwa, na Mwingereza katika mlango huo huo husema “I was hoping to see the director”, kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona watu wazima, waliokariri kanuni ya “if” miaka mingi bila kuifahamu, wakitabasamu walipoonyeshwa mifano hii miwili. Papo hapo waongezewe na “atakapokuja nitamwambia”, ambapo sisi tuna wakati ujao huku na huku, ilhali Kiingereza hutosheka na mmoja: “when he comes, I will tell him.”

Hans Reichenbach, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyehamia Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947 kwamba kuzieleza nyakati za vitenzi kwa nukta mbili tu, ya kunena na ya tendo, hakutoshi. Yahitajika nukta ya tatu, ile ambapo msemaji husimama akaliangalia tendo. Katika “he had left” nukta hiyo imezama ndani ya neno “had”, na mwalimu hupata taabu kuionyesha. Sisi twaiona kwa macho, kwa kuwa tumeipa kitenzi chake: alikuwa ameondoka. “Alikuwa” ndipo tusimamapo, na “ameondoka” ndilo tulionalo toka hapo likiwa limekwisha. Ukigeuza la kwanza ikawa “atakuwa ameondoka”, nukta imehamia mbele, na Kiingereza hufuata, “he will have left”, hata kule kukisia kwetu, “atakuwa amefika sasa”, wao hukisia kwa umbo lilo hilo, “he will have arrived by now.” Ukigeuza la pili ikawa “alikuwa akiondoka”, umepata “he was leaving”, na -ki- ya namna hiyo, kama katika “nilimwona akipita”, ni “-ing” ya Kiingereza karibu kila mahali. Mtoto akiisha kuyaona hayo, sehemu kubwa ya lile jedwali la kumi na mbili ameipata, na katika iliyobaki yamo maumbo kama “will have been going”, ambayo mtu aweza kuishi maisha marefu na yenye heshima asiyatamke.

Maneno ya kunukuu nayapita upesi. “Alisema anaumwa”: sisi huuacha ugonjwa katika wakati wa aliyesema, Mwingereza hukivuta kitenzi nyuma, “he said he was ill”. Waandishi wa habari wana haja na hilo kuliko watoto.

Nimesikia hoja dhidi ya rai hii, tena toka kwa walimu niwaheshimuo, kwamba mtoto akielezwa Kiingereza kwa Kiswahili atazoea kutafsiri kichwani na hatasema kwa ulaini kamwe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau mtoto angeacha kutafsiri kwa kukatazwa. Ile sentensi ya samaki yaonyesha kwamba hutafsiri hata hivyo, ila hutafsiri peke yake, pasipo mtu wa kumwonyesha lugha mbili zaachana wapi. Hoja nyingine ina uzito zaidi, nayo ni kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya watoto wengi wa bara. Ni kweli, lakini katika Tanzania ndiyo lugha ya masomo yao yote ya msingi tangu 1967, na lugha zao za nyumbani, aghalabu za Kibantu, si maskini wa nyakati. Kikikuyu na Luganda hutenga jambo lililopita leo na lililopita zamani, tofauti ambayo Kiswahili hakinayo wala Kiingereza hakinayo katika kitenzi. Mtoto wa huko aja darasani na utajiri kutupita, na mwalimu mwenye busara atautumia. Na wapo wasemao kwamba “he has worn a kanzu” ni Kiingereza chetu sasa, basi kiachwe. Katika mazungumzo na katika barua za sisi kwa sisi, sina ugomvi nacho. Lakini msahihishaji wa mtihani hakisamehe, na mkataba ulioandikwa hivyo husomwa na wakili wa upande wa pili.

Kinachotakiwa si kikubwa. Katika shule zetu, juma moja na jingine, mwalimu wa Kiswahili huwafundisha watoto njeo na hali za vitenzi katika kipindi cha pili, na mwalimu wa Kiingereza huwafundisha hayo hayo kwa majina mengine katika kipindi cha nne, na hao wawili, ambao hunywa chai katika chumba kimoja, hawajapata kukaa wakalinganisha madaftari yao. Vyuo vya ualimu ndivyo viwatengavyo. Mwalimu wa Kiingereza apewe, kabla ya kupewa chaki, mafunzo ya sarufi ya Kiswahili yaliyo kamili, na kuwe na kitabu kidogo, kisichozidi kurasa mia, kiziwekacho nyakati za lugha mbili ubavuni, kama Ashton alivyofanya kwa watu wa kwao.

Yako mambo ambayo Kiswahili hakitusaidii, na ni haki yasemwe. Kanuni ya “shall” na “will”, ambayo John Wallis aliiandika kwa Kilatini mwaka 1653 na shule zetu zikaishika kama aya, Waingereza wenyewe wameiacha kwa sehemu kubwa, nasi tuiache. Vitenzi vikaidi ni habari nyingine: ni karibu mia mbili, mabaki ya Kiingereza cha kale, na mtu ambaye vitenzi vya lugha yake karibu vyote hufuata njia moja hana la kushika hapo, sharti akariri. Lakini hata kukariri kuna mpango wake. Vitabu huvipanga kwa alfabeti, hata mtoto siku ya kwanza akutana na “abide”, “arise” na “awake”, ilhali vitenzi ambavyo Mwingereza huvitumia kuliko vyote, be, have, do, say, go, get, make, know, take, see, come na think, vyote ni vikaidi, na vimetawanyika katika kurasa tatu. Na aanze na hivyo, mwezi mzima kama yapasa, kwa sauti na kwa maandishi, katika sentensi za sokoni na za nyumbani. “Abide” ingoje mpaka atakapoikuta kitabuni.